Siku Nilipoapa Kwamba Papa ni Nguru

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu tumekaa wenyewe kwa wenyewe na kahawa bado ya moto, vinginevyo nisingefungua mdomo, maana mpaka leo nikipita ule mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo natembea upande wa pili nimeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha kifungo, na wala siyo kwamba niliiba, sikulewa, sikufumaniwa na mke wa mtu (hayo angalau watu wangenielewa). Mimi niliaibika kwa ajili ya samaki. Tena samaki mwenyewe mtamu!

Wakati ule, enzi za Mwingereza, nilikuwa karani bandarini, kazi yangu kusimamia magunia yanayoshushwa, na karani wa siku zile mnamjua wenyewe, akishaweza kusoma herufi za kizungu basi anajiona ameumbwa siku yake peke yake. Nilikuwa na koti jeupe, suruali ya pasi, tarbushi nyekundu naiinamisha kidogo upande wa sikio, na jioni vijana wakicheza mpira Mnazi Mmoja nilikuwa nasimama pembeni, siyo niangalie mpira, bali wao waniangalie mimi.

Sasa mwezi huo nilikuwa na furaha ya kuzidi, kwa sababu posa yangu ilikubaliwa. Binti anaitwa Zaina, wa kule Gerezani, baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye neno la mwisho pale nyumbani ni mama yake, Bi Mwanaisha. Huyu mama nilikuwa nimeonana naye siku moja tu, siku ya kwenda kujieleza, akakaa nyuma ya pazia akasema kwa sauti nzito, ya polepole, sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau: "Mimi sina mengi. Mali zinaisha. Mwanangu nampa mtu mwenye ulimi wa adabu." Nikajibu, "Inshallah, mama," kwa unyenyekevu mkubwa, sauti ndogo, mpaka mjomba wangu aliyenisindikiza akaninong'oneza kama nina homa.

Wenzangu wa ghalani waliposikia nimekubaliwa wakasema hapana, haipiti hivihivi, lazima tule. Mkubwa wao alikuwa Shomari, rafiki yangu wa siku nyingi, mtu mwenye tumbo na mwenye amani, hajawahi kugombana na sahani yoyote. Nikawaambia Jumamosi tukitoka kazini nawapeleka kwa Salimu, mkale nguru.

Salimu alikuwa Mwarabu wa Kishihiri aliyezaliwa hapahapa mjini, ana hoteli yake ya mabati, meza za mbao na mabenchi, na uani ndiko jiko lilipo, kati ya jiko na meza limetundikwa gunia kama pazia. Mlangoni kaning'iniza ubao, na siku hiyo ubao umeandikwa kwa chaki, kwa herufi kubwa za kizungu: LEO WALI NA NGURU WA NAZI. Mimi, badala ya kuingia tu kama binadamu wengine, nikasimama nikausoma ubao wote kwa sauti, ili wapita njia wajue kwamba hapa pamesimama mtu anayesoma.

Tukakaa. Chakula kikaja. Nawaambieni, ule mchuzi! Nazi nzito, ndimu imekaa mahali pake, pilipili inakuja baadaye wakati umeshajisahau. Tonge la kwanza nilifumba macho. Tonge la pili nikamwambia Shomari, "Unaona? Huyu ndiye nguru. Siyo zile takataka mnazokula nyinyi ferini." Shomari akaitikia kwa kichwa, maana mdomo haukuwa na nafasi.

Nilikuwa nimefika nusu ya sahani ndipo nikaanza kujiuliza, mbona simwoni mwiba? Nikageuza mnofu. Hakuna mwiba. Pale katikati kuna kitu cheupe, laini, ukikibana kwa vidole kinateleza, gegedu tupu. Na kijipande cha ngozi kilichosalia ukikipapasa kinakwaruza kama mchanga. Mimi ni mtoto wa pwani, bwana, papa namjua tangu sijaota meno. Huyu alikuwa papa, na papa wa watu wazima.

Sasa hapo ndipo pa kunichapa viboko. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumaliza sahani yangu, ninawe mikono, niseme alhamdulillahi, niende nyumbani. Samaki alikuwa mtamu! Shomari mwenyewe nilipomnong'oneza kwamba tumeletewa papa, alisema, "Ndiyo, nimemjua toka tonge la kwanza. Kwani wako hujamaliza? Nikusaidie basi." Lakini mimi nikaichagua ya pili. Nikamwita Salimu.

"Salimu, huyu samaki gani?"

"Nguru," akasema, huku anafuta meza ya jirani.

"Nguru asiye na mwiba?"

Salimu akaangalia koti langu, akaangalia tarbushi yangu, akatabasamu. "Karani, wewe mambo yako magunia. Mambo ya samaki niachie mimi."

Meza zote zikacheka. Hata wenzangu wa ghalani wakacheka, na wao ndio niliowaleta! Damu ikanipanda. Nikainuka, nikaenda mlangoni, nikautungua ule ubao, nikatoka nao nje barabarani nimeunyanyua juu ya kichwa kama mtu anayetangaza ngoma, na mnajua Jumamosi mchana pale sokoni watu walivyo, wauza mihogo, wabeba mizigo, akina mama na vikapu, wavuta riksho wamepumzika kivulini, wote hao wanatafuta kitu cha kutazama.

"Jamani!" nikapaza sauti. "Nani kati yenu amekula hapa kwa Salimu?"

Mikono ikainuka.

"Mliambiwa mnakula nini?"

"Nguru!"

"Mmekula papa!"

Lo! Watu wakaja kama nimesema pana maiti. Mmoja anasema ndiyo maana juzi tumbo lilimsokota, mwingine anasema mkewe tangu mwanzo alimwambia, na mimi nikiona watu wanazidi na maneno nayo yanazidi, yananitoka yenyewe, matamu mdomoni kuliko ule mchuzi. Nikamsema Salimu vya kutosha, na alipoisha Salimu nikaona nisiishie njiani, nikamgeukia mpishi.

"Na mpishi naye ni yuleyule mmoja!" nikasema. "Mwizi mwenziwe! Papa ananuka, kamfukia na nazi na ndimu na pilipili tele ili tusijue! Mpishi wa kweli hafichi samaki! Atoke hapa, tumwone sura yake!"

Umati ukaitikia, "Atoke! Atoke!"

Kutoka nyuma ya lile gunia ikaja sauti. Nzito. Ya polepole.

"Nani huyo anayesema mchuzi wangu unanuka?"

Wenzangu, mmeshawahi kukanyaga ngazi ambayo haipo? Sauti ile niliwahi kuisikia nyuma ya pazia. Gunia likafunguka, akatoka mama mmoja mrefu, kanga kaifunga kifuani na nyingine kichwani, jasho la jiko usoni, mkononi mwiko mkubwa kama kasia. (Baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba mpishi wa Salimu alikuwa mgonjwa, na Salimu akamwomba Bi Mwanaisha amshikie jiko siku chache, yeye akakubali kwa masharti ya kuingilia mlango wa uani na asionekane na mtu. Asionekane na mtu! Na mimi ndiye niliyemwita mbele ya Kariakoo nzima.)

Akaniangalia. Mimi bado nimeshika ubao juu ya kichwa.

"Athumani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, na ile marahaba ilikuwa baridi hata ungeweza kuwekea samaki wako wasioze.

Sasa mtu mwenye akili angeomba radhi palepale. Mimi akili yangu ilishakimbilia Gerezani kwa Zaina, ikaniacha hapo na ulimi peke yake. Nikaushusha ubao taratibu, nikawageukia watu, nikasema, "Jamani, nimekosea. Huyu ni nguru."

Wakazidi kusogea.

"Nguru kabisa," nikasema. "Nguru halisi. Ulimi uliteleza."

"Ameshahongwa!" akapiga kelele muuza mihogo.

"Lini?" nikamuuliza. "Si umeniona nimesimama hapahapa?"

"Mwarabu kamkonyeza!"

Nami namwambia hapana, nao wanasema ndiyo, na kadiri ninavyomtetea yule samaki ndivyo wanavyozidi kuamini kwamba ni papa, maana nilikuwa nimewahubiria vizuri mno, na mtu hawezi kuwasha moto wa namna ile halafu aombe kuuzima kwa kupepea mikono. Mara umati ukapasuka katikati, akaingia askari, kaptula yake ya kaki imekauka kwa wanga, fimbo kwapani.

"Nani mlalamikaji hapa?"

Vidole vyote vikanielekea mimi. Hata cha Shomari, ambaye alikuwa ametoka na sahani yake mkononi ili asipitwe.

"Unalalamika nini?"

"Silalamiki, afande. Nasifu. Nguru mzuri sana."

"Nimekusikia toka kona ile unalia papa."

"Nilikuwa nawaambia watu... kwamba siyo papa."

Askari akanipita. Akaingia ndani, akatazama sahani yangu mezani, akarudi. "Kama ni nguru, mwiba uko wapi?"

"Nimeumeza, afande."

"Wote?"

"Ndiyo kawaida yangu."

Watu wakaanguka kicheko. Bi Mwanaisha hakucheka. Alikuwa kasimama na mwiko wake, ananiangalia kama mtu anayeangalia maziwa yasije yakafurika, nami kila nikimwangalia nazidi kuapa. Nikaapa kwa macho yangu. Nikaapa kwa kazi yangu. Nikaapa kwa kaburi la bibi yangu, ambaye (Mungu anisamehe) wakati huo alikuwa mzima kabisa, yuko Bagamoyo.

Askari akasema basi mambo ni mepesi, ilete sufuria. Salimu, ambaye tangu niutungue ubao alikuwa amekuwa mdogo kama punje, akaileta mwenyewe, ikawekwa juu ya benchi pale nje. "Wewe unayejua nguru," askari akaniambia, "tafuta mwiba humo. Ukiupata, kila mtu aende zake. Usipoupata, tunaenda wote kituoni, wewe na Mwarabu wako."

"Niutafute kwa kijiko, afande?"

"Kula. Si unasifu?"

Basi nikala. Nilikuwa nimeshakula kwanza, kumbukeni, na sahani za Salimu siyo za mchezo. Nikala kipande, gegedu. Nikala kingine, gegedu. Umati unahesabu kwa sauti kama watu wanaovuta wavu wa jarife, kila nikimeza wanaitikia "Hee!" Kifungo cha koti kikakatika kikaenda zake sijui wapi. Mchuzi umenichirizika mpaka kwenye kiwiko. Na katika taabu ile ile nikajigundua nasema moyoni, lakini jamani huyu mama anapika!

Nilipoona sasa roho inataka kutoka, nikateremsha macho, nikaona chini ya benchi pana paka, na mbele ya paka pana mfupa. Nikasema Mungu huyu hapa. Nikajifanya naokota tarbushi yangu iliyodondoka, nikauchopoa ule mfupa (paka akanikwaruza, lakini hilo ni jambo dogo), nikautia mdomoni, nikatafuna tafuna hewa, halafu nikautoa juu kwa vidole viwili, kwa furaha ya mtu aliyeokoka.

"Mwiba huu hapa!"

Askari akaupokea. Akaugeuza huku na huku. Akauinua juani watu wote wauone.

"Karani," akasema, "nguru ana paja?"

Ulikuwa mfupa wa kuku.

Siwezi kuwaeleza kicheko kile. Watu walishikana mabega, mvuta riksho mmoja alikaa chini kabisa mchangani, Shomari alimwaga wali. Na jina lile lilinifuata mpaka bandarini, wabeba magunia waliniita Nguru Paja miaka na miaka, hata waliokuja kazini baadaye wakadhani ndilo nililopewa na wazazi.

Hapo ndipo Bi Mwanaisha alipopiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, kwaa! Wote wakageuka.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Mnatafuta nini ndani ya sufuria yangu?"

"Mwiba wa nguru, mama," askari akajibu, na yeye adabu imemrudia.

"Nguru? Nguru gani?"

"Si imeandikwa hapa ubaoni? Wali na nguru wa nazi."

"Mimi herufi hizo sizisomi, na mlango huo siupiti," akasema. "Mimi nimepika papa. Toka asubuhi nimemmwagia maji ya moto, nimemkwangua ngozi, nimemkamua, nimemuunga. Papa! Nguru kila mtu anapika. Nguru hata mwanamume anapika. Mtu aliyepika papa akatoka hivi, mmwite aje hapa ashindane na mimi." Akamgeukia Salimu. "Salimu, umemwita papa wangu nguru?"

Salimu akasema ubao ule ni wa jana. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba jana pia alikula papa. Salimu akasema basi wa juzi.

Askari akamwamuru aufute palepale kwa kanzu yake, na mimi ndiye nikaambiwa niandike upya, WALI NA PAPA WA NAZI, na hapo ndipo mambo ya watu yaliponishangaza, maana walewale waliokuwa wanalia wameibiwa wakaanza kusogeleana mlangoni, mmoja anataka kuonja, mwingine anataka cha kupeleka nyumbani, na muuza mihogo alikuwa wa kwanza kupata benchi. Papa aliisha. Salimu hakupata hasara hata kidogo!

Hasara ilikuwa yangu. Bi Mwanaisha alinijia pole pole mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini, lakini kwa kuwa wote walikuwa wamenyamaza ili wasikie, ilikuwa sawa na kupiga kelele.

"Umekula papa wangu ukasema ananuka. Halafu umekula tena ukaapa ni nguru. Sasa nikifika nyumbani, nimwambie Zaina amepata mume asiyemjua papa, au amepata mume mwongo? Chagua mwenyewe moja."

Nikafungua mdomo nimjibu. Wallahi nilikuwa na jibu, lilikuwa jibu zuri, lenye adabu na machozi kidogo. Lakini lililotoka siyo jibu. Ilitoka mbeuo. Mbeuo mrefu, wa papa mzima na nazi zake, uliotoka chini kabisa, nadhani hata kule Mnazi Mmoja waliusikia, na ulipokwisha, kwa mazoea tu, nikasema, "Alhamdulillahi."

Bi Mwanaisha akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nikasema nimemliza mkwe, harusi imekufa. Akageuka akaingia nyuma ya gunia, nami nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, koti wazi, paka wawili nyuma yangu.

Siku ya pili mjomba akaitwa Gerezani. Akarudi uso mkavu, akasema mama hajavunja uchumba ila ana sharti moja. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, niende nisimame palepale mlangoni kwa Salimu, niseme kwa sauti ileile niliyotukania, kitu gani nilikula na kilikuwaje.

Nikaenda. Ningefanyaje? Nikasimama bila tarbushi, nikasema, "Jamani, mimi Athumani, Jumamosi hapa nilikula papa. Aliyempika ni fundi. Hakunuka. Nilikula mpaka nikashindwa kutembea." Watu wakasikiliza kwa heshima kubwa, halafu mmoja akauliza, "Na kesho utatuambia alikuwa nani? Changu?" Nikaondoka mbio kidogo.

Harusi ikafanyika, na usiku wa kwanza kabisa, mimi nimejitayarishia maneno matamu, Zaina akaanza yeye. Akaniambia siku ile mama yake alirudi nyumbani akashindwa kuongea kwa kucheka, akakaa kitako uani, kila akitaka kusimulia anafika kwenye alhamdulillahi anaanguka tena, na aliposhika pumzi akasema, "Huyu akuoe tu, mwanangu. Mwongo wa namna hii hatakusumbua, hawezi kudanganya hata samaki."

Basi ndiyo nimeoa kwa njia hiyo. Na tangu wakati huo nimejiwekea nadhiri, na nyinyi vijana mnaosoma soma vibao mnisikie: siku hizi nikiingia hotelini waandike nguru waniletee papa, waandike kamba waniletee dagaa, mimi nakula nanyamaza, na hata kikinishinda kabisa, kabla sijafungua mdomo kulalamika, nainuka kwanza, nazunguka uani taratibu, nachungulia ni nani yuko jikoni.